Neno Lililotaka Kunifanya Bruda

Ujinga wenyewe ni huu, niuseme mapema tusisumbuane: mwalimu wa Kiingereza alimwambia mama yangu kwamba mimi ni kero isiyokwisha, na mimi nikamtafsiria mama kwamba nina wito wa utawa.

Kabla hujanihukumu, subiri kidogo. Sikuamka asubuhi nikapanga. Uongo wangu mwingi haupangwi, hujipanga wenyewe kama ndoo kwenye bomba la maji, mimi nakuta tu zamu yangu imefika.

Shule yetu iko Karatu mjini na nyumbani ni Rhotia. Kwenye geti la shule pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ukivuka hapo ni Kiingereza tu. Walimu wengi wanalichukulia lile bango kama tunavyochukulia "Usikojoe Hapa", yaani ushauri mzuri kwa wenye nafasi. Mwalimu wa Kiingereza peke yake ndiye aliyelipokea kama amri ya kumi na moja. Ndani ya uzio anaongea Kiingereza na kila kiumbe: mpishi, fundi bomba, hata mbuzi wa jirani anayeingia kula maua ya ofisini. "You, goat, kindly leave." Mbuzi akiondoka, mwalimu anatugeukia kwa masikitiko, kwamba hata mbuzi ameelewa, nyie kidato cha tatu mnakwama wapi.

Akishavuka geti kwenda nje anabadilika. Ni mtu wa Tanga, na Kiswahili chake ni laini mpaka unaona aibu kutoa cha kwako. Sisi wa huku Kiswahili tulikikuta darasani, bado kina harufu ya chaki.

Kosa langu lilikuwa fisi. Nina rafiki anayekaa bweni, kwao Olbalbal, amekua akitembea nyuma ya ng'ombe kutafuta maji. Siku moja alinisikia naiga fisi akasikitika.

"Nyie watu wa Rhotia mnalia fisi kama mbwa mwenye mafua," akaniambia. "Fisi anaanzia tumboni, chini kabisa, halafu mwishoni anapandisha. Kama anauliza swali."

Nikafanya mazoezi. Nikaiva. Kuanzia hapo kila mara mwalimu wa Kiingereza alipogeukia ubao, fisi aliuliza swali. Akitugeukia, darasa zima limeinamia madaftari kama watakatifu kwenye vioo vya kanisa. Akigeukia ubao, fisi ana swali la nyongeza. Tukaenda hivyo muhula mzima, mpaka siku aliyojifanya anaandika kumbe hana chaki, akageuka ghafla akakuta mdomo wangu bado una umbo la swali.

Mama akaitwa shuleni.

Alikuja na bodaboda, amevaa kitenge chake cha jumuiya ya kanisani, kile kinachotoka Jumapili na misibani tu. Alikuwa ameacha maharage shambani. Tukasimama chini ya mti wa mbele ya ofisi, sisi watatu: mwalimu, mama, na mimi katikati kama wavu. Tulikuwa ndani ya uzio. Mwalimu akakunja mikono nyuma, akasema polepole, neno moja moja:

"Madam, your son is a perpetual nuisance."

Mama akatikisa kichwa kwa heshima. Akanigeukia. "Anasemaje?"

Hapo mtu mwenye akili angeanguka akajifanya amezimia. Mimi nikaanza na neno nililokuwa na uhakika nalo.

"Anasema mwanao ni wa daima, mama. Perpetual ni daima."

"Papetua?" Mama akashangaa. "Si ndilo jina la ubatizo la shangazi yako wa Endamarariek?"

"Ndilo hilo hilo."

Na hapo, naapa, sikudanganya. Mpaka hapo tafsiri ilikuwa safi.

"Na lile la mwisho? Nyusensi?"

Nikamwangalia mwalimu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri jeneza litolewe. Nikamwangalia mama. Uso wake ulikuwa umeshaanza kung'aa kidogo kwa ajili ya lile daima, maana pale sebuleni kwetu, juu ya televisheni, imetundikwa picha ya Bikira Maria, Mama wa Msaada wa Daima, na kwa mama yangu neno hilo halijawahi kuleta habari mbaya. Nyusensi. Nyusensi. Ulimi ukatafuta neno la jirani, ukalipata.

"Nyusensi ni... ni kama novisi, mama."

"Novisi?"

"Eeh. Novisi wa daima."

Kama si mtu wa kanisani nikueleze: novisi ni yule anayejiandaa kuwa mtawa, sista au bruda, na akikomaa anaweka nadhiri za daima, ndiyo basi tena, harudi. Macho ya mama yakajaa maji. Akaushika mkono wa mwalimu kwa mikono yake yote miwili. "Senkyu, ticha. Senkyu sana."

Mwalimu akachanganyikiwa. Nadhani hakuna mzazi aliyewahi kumshukuru kwa habari za namna ile. "I am very sorry, madam," akasema.

"Anasemaje?"

"Anasema inamuuma kunipoteza."

Nilidhani litaishia pale chini ya mti. Nilisahau mama yangu ni wa jumuiya gani. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ni mama mmoja jirani yetu ambaye binti yake aliweka nadhiri za daima, na tangu siku hiyo barabara zote za maongezi zinaishia hapo. Ukimuuliza mahindi yanaendeleaje, atakwambia, "Mahindi? Wacha wee, siku ya nadhiri za daima za sista wangu tulipika makande ya gunia zima." Ukikohoa, atakwambia hata sista wake alikohoa wakati wa maandamano ya kuingia kanisani. Mama amemvumilia kwa ukimya wa Kikristo, ukimya ule wenye meno ndani. Kwa hiyo siku ile mimi nilikuwa bado navua viatu, mama ameshapita mlango wetu anapiga hodi kwa mwenyekiti.

Kesho yake nilipopita kijiweni, vijana wa bodaboda wakasimama wote.

"Tumsifu Yesu Kristo, Bruda!"

"Milele na milele, amina," nikajibu bila kufikiri, maana kile ni kitu unajibu hata usingizini.

"Bruda, niombee, pikipiki haiwaki asubuhi."

"Bruda, na yule mdogo wangu uliyekuwa unamtumia meseji, nimwambie umehamia mbinguni?"

Baba anapikia watalii kambini upande wa Ngorongoro na hushuka akipewa likizo tu. Mama akampigia. Nilisikia sauti yake ikikatika katika kwa sababu ya mtandao: "Kwani huko kwa mabruda wanakula nyama?" Mama akasema wanakula. "Basi aende."

Mpaka hapo bado nilikuwa nacheka. Nilikuwa na mpango wa kukausha tu mwaka mmoja hivi, halafu wito ungepotea wenyewe kama mafua. Kicheko kilikatika jioni ile mama alipokaa jikoni, akafuta mikono kwenye kanga, akasema:

"Mtoto wa wito haendi mikono mitupu. Mtamba ataenda na wewe."

Lazima nikueleze huyo mtamba. Ng'ombe wengine pale nyumbani ni wa baba, au wa ukoo, au wa deni la mtu. Huyu mmoja ni wa mama mwenyewe. Shangazi wa Endamarariek alimpa akiwa ndama, miguu bado inatetemeka, na mama akamlea kwa majani ya kukata kwa mundu kule bondeni, mzigo kichwani kila jioni. Sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mama alikuwa ameshapanga maziwa ambayo hayajatoka: haya ya chai, haya ya kuuza, haya ya mgando. Anaongea na huyo mtamba kuliko anavyoongea na mimi, na mtamba anamsikiliza vizuri zaidi.

"Mama, si lazima," nikasema.

"Mwenyekiti alitoa mbuzi," akasema mama. "Mbuzi!"

Nikaelewa ya kwamba hii si dini tena, hii ni fainali. Jumamosi jumuiya ingesali kwetu, bruda mmoja kutoka nyumba ya watawa angekuja kuniona, na mtamba angekabidhiwa hadharani. Baadaye nilimkuta mama zizini, amemwekea ng'ombe mkono shingoni, anamwambia kitu taratibu. Sikusikia ni nini. Nilirudi ndani kutafuta namna ya kuuua huu wito.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kuthibitisha kwa vitendo kwamba sifai. Wiki ile tulikuwa tunasali novena, ile sala ya siku tisa, kila jioni nyumba kwa nyumba, nami nikapewa kiti cha mbele. Siku ya kwanza nikakoroma katikati ya rozari.

"Amechoka," mwenyekiti akanong'ona. "Mapambano ya kiroho yanachosha sana. Hata sista wangu alikuwa anasinzia."

Siku ya pili nikauliza kwa sauti kama mabruda wanaruhusiwa kuwa na mchumba hata mmoja tu wa akiba. Akina mama wakatazamana. Mmoja akasema, "Mnaona shetani anavyohangaika? Anajua anapoteza mtu." Wakaongeza sala.

Siku ya tatu nikafanya kile ninachokijua. Tulikuwa kwenye litania, wote wanaitikia "utuombee", na mimi nikainama, nikaanzia tumboni chini kabisa, nikapandisha swali. Litania ikakatika. Hakuna aliyenitazama. Wote walitazama dirisha. Mzee mmoja akatoka na panga na tochi kuzunguka nyumba, akina mama wakasogeza viti karibu karibu, na mwenyekiti akasema kwa sauti ya mtu aliyeona ishara: "Mmesikia? Hata wanyama wa porini wamekuja kumpinga huyu mtoto." Wakarudia litania kuanzia mwanzo.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilivyozidi kuwa kero ndivyo nilivyozidi kuwa mtakatifu.

Nikamweleza rafiki yangu wa Olbalbal. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu nilipofika kwenye ng'ombe akaacha kucheka kabisa.

"Ana mimba?"

"Ya kwanza."

"Mwambie mama yako leo."

"Siwezi, mwanangu. Akiniangalia tu nameza maneno."

"Sikiliza," akasema, amenikazia macho. "Kwetu ukimpotezea mama ng'ombe kwa uongo, hata mbwa wa boma hawakutingishii mkia."

Sikuwa na ujasiri wa kusema mwenyewe, kwa hiyo nikatafuta wa kunisemea. Nikamfikiria mwalimu. Akija nyumbani atakuwa nje ya uzio, na nje ya uzio ana Kiswahili cha kutosha kumaliza kesi. Nikaenda kugonga ofisini kwake. Tatizo, ofisi iko ndani ya uzio. Nilichoongea ni Kiingereza; hapa natafsiri, na safari hii niamini.

Nikamwambia mama yangu anaomba aje nyumbani Jumamosi, anaomba mfululizo, na hapo kwenye mfululizo nikatumia neno continuously.

"Continuously?" Akavua miwani. "Yaani hali? Halali? Hapumui?"

"Anapumua, mwalimu."

"Basi ni continually." Akasimama. Nikajua nimekwisha, nimemwasha. "Mvua ya masika inanyesha, inakatika, inanyesha tena. Hiyo ni continual. Maji ya mto hayakatiki hata nukta moja. Hiyo ni continuous. Usinichanganyie mvua na mto."

"Na perpetual, mwalimu?"

Akavaa tena miwani. "Hiyo ni ya milele. Au ni jambo linalorudi na kurudi mpaka mtu analiona kama la milele."

"Kwa hiyo ni neno zuri au baya?"

"Inategemea nani amechoka."

Nikaona mlango. "Mwalimu, mimi nalia fisi, napumzika, nalia tena. Si ningekuwa continual tu?"

Alifikiria kwa dhati, maana yule mtu haki ya sarufi hamnyimi hata mwizi. "Kisarufi una hoja," akasema. "Lakini mimi nilikuwa nimechoka." Halafu akasema Jumamosi atakuja.

Jumamosi uwanja wetu ukajaa. Pilau ilikuwa inanukia mpaka barabarani. Mtamba alikuwa ameoshwa, amefungwa pembeni mwa mti wa mparachichi, pembe zake zimeviringishwa riboni za njano na nyeupe zilizobaki kwenye mapambo ya kanisa. Mimi nilikuwa nimevaa shati la baba. Kati yetu wawili yeye ndiye aliyependeza.

Bruda akafika na pikapu. Nilitegemea mtu mrefu, mwembamba, mwenye macho ya kuona malaika. Akashuka mtu mfupi, mchangamfu, amevaa gambuti zenye samadi. Akanipa mkono, akasema "Karibu sana, mdogo wangu," akapitiliza moja kwa moja kwa mtamba. Akampapasa tumbo. Akauliza mimba ni ya miezi mingapi, na anapenda majani gani. Akamfungua mdomo akaangalia meno. Yangu hakuyaulizia.

Mwalimu naye akaja kwa miguu, ameshika kofia. "Hodi wenyewe, hodi kwa wenye nyumba, jamani mmeamkaje na furaha hii?" Akina mama wakayeyuka. Akakaribishwa meza ya mbele kati ya Bruda na mwenyekiti, akapewa pilau ya kilima, na kabla hajafika katikati ya kilima mwenyekiti akasimama.

"Sasa tumsikie mwalimu wake, shahidi wa kwanza wa wito huu. Mwalimu, hebu rudia hapa kwa Kiswahili yale uliyomwambia mama yake shuleni."

Nikashusha pumzi. Mwisho wa mateso. Mwalimu akameza, akafuta mdomo kwa kitambaa, akasimama. Akamtazama mama, aliyekuwa amekaa mkekani mikono juu ya magoti, anamsubiri kama mtu anayesubiri komunyo. Akamtazama ng'ombe na riboni zake. Akanitazama mimi, na nikaona macho yake yanaelewa, kidogo kidogo, ile senkyu ilitoka wapi.

"Mimi niseme nini mbele ya wakubwa," akasema, laini kama samli. "Niliyoyasema shuleni yako palepale, sikuongeza wala siondoi. Mwenye kutafsiri ni kijana mwenyewe, na yupo hapa."

Akakaa. Akaendelea na pilau.

Vigelegele! Watu walisikia walichotaka. Mimi nilibaki pale naielewa adabu ya Tanga ilivyo: haiwezi kumtukana mtoto wa mtu huku ina pilau ya mama yake mdomoni. Mama akasimama. Akaenda kwenye mparachichi, akafungua kamba. Kidevu chake kilikuwa juu, kimeelekezwa kwa mwenyekiti. Akampa Bruda ile kamba. Bruda akavuta taratibu. Mtamba hakusogea. Aligeuza shingo, riboni zikacheza, akamtazama mama kama kumuuliza anapelekwa wapi. Mama akatazama pembeni, akajifanya anarekebisha kanga.

Nikasimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Mama. Nyusensi siyo novisi."

Watu wote wakanigeukia.

"Nyusensi ni kero. Mwalimu alisema mimi ni kero ya daima. Wito sina. Nilitunga pale pale, mama, nilikuwa naogopa."

"Toka, shetani!" Mwenyekiti akapiga kelele, mkono hewani.

"Siyo shetani, mama mwenyekiti, ni mimi tu. Na yule fisi wa kwenye litania alikuwa mimi."

Yule mzee wa panga akasema "Ahaa!" kwa uchungu mkubwa. Mtu mmoja nyuma alianza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko, kikaambukiza benchi zima.

Mwalimu akaweka kijiko chini. "Hiyo sasa," akasema, "ndiyo tafsiri."

Bruda alikuwa bado ameshika kamba, hajui kama avute au aachie, anatutazama kwa zamu, mimi, ng'ombe, mimi. Mama alikuja mpaka mbele yangu akanikagua kuanzia kwenye kola ya shati la baba mpaka kwenye viatu. Nilisubiri Kiiraqw, maana mama husali kwa Kiswahili na hugomba kwa Kiiraqw, na kikianza hakina nukta. Hakikuja. Alimgeukia Bruda, akatabasamu vizuri kabisa, akanyoosha mkono kuomba kamba, akasema kwa Kiswahili cha kanisani ili wote wasikie:

"Bruda, ng'ombe wangu naomba unirudishie. Huyo kero nenda naye tu."